Maswali ya Wasomaji: Wiski ya Bonde la Spey

Makala yetu fupi ya toleo lililopita, ile ya bonde la mto Spey huko Uskoti ambako karibu kila kijiji kina kiwanda cha wiski, imetuletea barua nyingi kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa. Tumejibu zile zinazogusa historia na ufundi. Waliouliza bei wawaone wenye maduka.

Nauza vinywaji kwa jumla hapa Kirumba. Chupa nyingi za bei kubwa zimeandikwa Speyside. Hiyo ni kampuni au mahali? Na kwa nini viwanda vijazane kijijini badala ya kuwa mjini kwenye wateja?
*Muuzaji, Kirumba*

Ni mahali, ndugu yetu. Spey ni mto wa kilomita kama 170 kaskazini mashariki mwa Uskoti, unaoingia Bahari ya Kaskazini. Bonde lake, pamoja na vijito vinavyoulisha, lina viwanda vinavyokaribia 50, wakati Uskoti nzima ina zaidi ya 140. Hakuna jiji hapo. Dufftown, mji unaotajwa kuliko yote, ulipangwa mwaka 1817 na mpaka leo wakazi wake hawafiki 2,000. Katika kanuni za wiski za mwaka 2009, Speyside ni moja ya majina matano ya maeneo yanayolindwa. Mengine ni Highland, Lowland, Islay na Campbeltown. Wiski iliyokenekwa, yaani iliyochemshwa na mvuke wake ukapoozwa, nje ya mipaka hiyo haiandikwi jina hilo, hata kama shayiri yake yote ilitoka bondeni.

Kuhusu kijijini: shayiri ilikuwa jirani, kwenye tambarare za Moray upande wa pwani. Gunia la shayiri ni zito na bei yake ndogo, lakini shayiri hiyo hiyo ikishakenekwa hupita mlimani juu ya mgongo wa farasi na kulipa kodi ya shamba. Machicha yaliachiwa ng'ombe ili wayale wakati wa baridi. Kuni zilikuwa haba, lakini mboji ya kinamasi ilikuwepo tele: mimea iliyolala majini kwa maelfu ya miaka, ikakatwa kama matofali, ikaanikwa, ikachomwa kukaushia kimea.

Wenye matangazo hupenda kusifia maji ya chemchemi. Maji ni lazima yawepo, tena mengi na ya baridi, lakini sehemu kubwa hupita kwenye mabomba ya kupoozea na kurudi mtoni, wala hayaingii kwenye chupa. Sisi tunaipa reli sifa zaidi. Njia ya Strathspey ilifunguliwa mwaka 1863. Ilileta makaa ya mawe na mapipa matupu, ikarudi na mapipa yaliyojaa hadi Leith na Glasgow kwa wachanganyaji. Hata ladha ilibadilika: makaa yalipochukua nafasi ya mboji, wiski ya Spey ilipunguza moshi. Kisiwa cha Islay, ambako mboji ndiyo ilikuwa rahisi kupatikana, kilibaki na moshi wake, na ndiyo maana wateja wako wengine wakionja Laphroaig ya huko wanasema inanuka dawa ya hospitali.

Shikamooni wahariri. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi hawaniamini nikisema wiski ya Uskoti nayo iliwahi kuwa pombe ya magendo kama gongo. Niwaonyeshe nini?
*Mwalimu, Nansio, Ukerewe*

Marahaba, Mwalimu. Waonyeshe ushuru. Tarehe za viwanda zinakaririka kwa siku moja, lakini bila ushuru hazieleweki.

Maandishi ya zamani kabisa ni ya hesabu za mfalme za mwaka 1494, zinazotaja kimea kilichotolewa kwa mtawa John Cor atengeneze "maji ya uhai". Ushuru wa kwanza wa pombe kali uliwekwa mwaka 1644. Kwa miaka mingi baada ya hapo mkulima alikeneka nyumbani na serikali ilikuwa mbali.

Mambo yaliharibika pale serikali ilipoanza kutoza mtungi, chombo cha kukenekea, badala ya kutoza pombe iliyotoka. Sheria ya mwaka 1784 ilichora mstari kati ya nyanda za juu na za chini, kila upande na masharti yake. Upande wa chini, leseni ya mwaka ilipigiwa hesabu kwa ukubwa wa mtungi: mwaka 1786 ilikuwa pauni moja na nusu kwa kila galoni ya ujazo, na kufikia mwaka 1797 ikawa pauni 54. Sasa waulize wanafunzi: ukilipia mtungi na si pombe, utafanya nini? Utauchemsha usiku na mchana bila kuupumzisha. Wenye viwanda wa nyanda za chini walitengeneza mitungi mipana na mifupi kama sufuria, inayochemka na kumalizika kwa dakika chache. Mvuke ulipita haraka bila kugusa shaba vya kutosha, povu likapanda hadi kwenye bomba, kimea kikaungua chini. Pombe ilikuwa mbaya. Matajiri wa Edinburgh wakaanza kutafuta ya magendo kutoka milimani, iliyokenekwa polepole kwenye mtungi mdogo.

Huko milimani nako, sheria ya mwaka 1814 ilipiga marufuku mitungi iliyo chini ya galoni 500, yaani lita kama 2,270. Mkulima mwenye magunia machache ya shayiri hawezi kuulisha mtungi wa namna hiyo. Akaingia magendo. Bonde la Glenlivet lilijaa mitambo ya siri, kwa sababu lilikuwa na njia chache na ukungu mwingi. Husimuliwa kwamba mtu aliyeonyesha mtambo haramu alizawadiwa pauni 5, basi wakenekaji walipeleka koili yao ya kupoozea mvuke iliyochakaa, wakajitia wameiokota, na fedha ile ikanunua shaba mpya. Mwaka 1822 Mfalme George IV alipozuru Edinburgh alipewa wiski ya Glenlivet, ambayo kisheria haikupaswa kuwepo.

Sheria ya mwaka 1823 iligeuza mambo. Leseni ikawa pauni 10 kwa mwaka, kima cha chini cha mtungi kikawa galoni 40, kama lita 180, na ushuru ukakatwa kwa zaidi ya nusu. Mwenye ardhi mkubwa wa eneo lile, Duke wa Gordon, alikuwa ameisukuma bungeni, kwa kuahidi kwamba wenye ardhi wataacha kuwalinda wapangaji wao. George Smith wa Glenlivet alichukua leseni mwaka 1824. Majirani waliobaki kwenye magendo walitishia kumchomea kiwanda, na mwenye ardhi wa Aberlour akampa bastola mbili za kutembea nazo. Macallan na Cardhu nao walipata leseni mwaka huo huo. Mortlach iliwatangulia, mwaka 1823.

Bei ya leseni peke yake isingetosha. Pombe yote iliyotoka kwenye koili ilipaswa kupita ndani ya kabati la shaba na kioo lenye kufuli la serikali, ghala likawa na makufuli mawili, moja la mwenye mali na moja la ofisa ushuru, na ofisa mwenyewe akaishi kiwandani. Utaratibu huo wa ofisa kukaa hapo ulidumu hadi mwaka 1983.

Ukitaka mifano ya karibu na Ziwa, Uganda ilitunga sheria ya enguli, gongo la kwao, mwaka 1965: mkenekaji wa kijijini apate leseni na auze kwa kiwanda, kiwanda kikeneke upya. Kenya iliiruhusu chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Kwetu Tanzania gongo bado ni kosa.

Huku kwetu upikaji wa pombe ni kazi ya akina mama. Katika historia hiyo ya Wazungu naona wanaume watupu. Wanawake walikuwa wapi?
*Mama wa Muleba*

Walikuwa kwenye mtungi, mama. Kiwanda cha Cardhu kilianza kwenye shamba la John Cumming kuanzia mwaka 1811, lakini mkenekaji alikuwa mkewe, Helen. Maofisa ushuru walipokuja kukagua eneo hilo walilala nyumbani kwake, maana hapakuwa na nyumba ya wageni karibu. Helen aliwaandalia chakula, kisha akatoka nje na kutundika bendera nyekundu juu ya ghala, na majirani wakajua la kufanya.

Mkwe wake, Elizabeth Cumming, alipofiwa na mumewe alikiendesha kiwanda mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1880 alijenga kipya pembeni ya kile cha zamani, na mitungi chakavu pamoja na vifaa vyake akamuuzia William Grant kwa takriban pauni 120. Grant alikwenda nayo Dufftown, akajenga Glenfiddich na wanawe kwa mikono, na pombe ya kwanza ilitoka siku ya Krismasi ya mwaka 1887. Mwaka 1893 Elizabeth aliiuza Cardhu kwa John Walker & Sons. Huyo ndiye wa chupa unazoziona kila baa. Islay nako, Bessie Williamson aliingia Laphroaig mwaka 1934 kama mpiga chapa wa muda, na mwaka 1954 akaachiwa kiwanda kwa wosia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Stenlesi haishiki kutu na ni ngumu. Kwa nini hao wanang'ang'ania shaba? Na mtungi wa shaba unadumu muda gani?
*Fundi, Mabatini*

Fundi, shaba inakaa pale kwa sababu inaliwa. Hamira ikila sukari ya kimea hutoa pia misombo ya salfa, yenye harufu ya kabichi iliyochemka sana au kiberiti kilichowashwa. Mvuke ukigusa shaba, salfa inang'ang'ania kwenye shaba na pombe inatoka safi. Stenlesi haifanyi hivyo. Mtu akikeneka kwenye stenlesi tupu hulazimika kuweka vipande vya shaba mahali fulani kwenye njia ya mvuke.

Kwa hiyo shaba inapungua mwaka hadi mwaka. Mabega ya mtungi na bomba linaloelekea kwenye kipoozeo ndiyo hutoboka mapema, kwa kuwa mvuke hupiga pale. Miaka 15 hadi 25 ni ya kawaida kabla ya kubadilisha sehemu kubwa. Zamani fundi aligonga kwa nyundo akasikiliza mlio. Leo hupimwa unene kwa mawimbi ya sauti. Kiraka hukatwa kwa shaba ile ile na kuchomelewa kwa waya wa shaba. Solda yenye risasi hairuhusiwi kabisa. Bamba jipya hupigwa nyundo uso mzima baada ya kuundwa, kwa sababu shaba iliyopashwa moto hulainika na nyundo ndiyo inayoirudishia ugumu. Mafundi wanaojulikana zaidi, Forsyths, wako Rothes, katikati ya bonde lenyewe.

Umbo lina maana kubwa. Shingo ndefu huufanya mvuke mzito upoe njiani na kurudi chini, na pombe inakuwa nyepesi. Shingo fupi, au bomba linaloinama kwenda chini, hupitisha mafuta zaidi. Macallan wanasifika kwa mitungi midogo ya lita 3,900 kwenye mzunguko wa pili.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chukua lita 10,000 za pombe ya kimea yenye kilevi asilimia 8. Mtungi wa kwanza utakupa lita kama 3,400 za asilimia 23. Hizo huingia mtungi wa pili, na hapo mkenekaji hugawa mikondo mitatu. Mkondo wa kwanza, wa dakika 10 hadi 30, huwekwa kando. Kuujua mwisho wake huchanganywa na maji ndani ya lile kabati la kioo: ukiwa bado unafanya ukungu, haujaisha. Mkondo wa kati hukusanywa kuanzia asilimia kama 75 hadi 60 na kitu, kila kiwanda na mahali pake pa kukata. Mkondo wa mwisho hufuatwa mpaka kilevi kinakaribia kuisha. Wa kwanza na wa mwisho havimwagwi. Huchanganywa na mzigo unaofuata.

Yanayoharibika ni matatu hasa. La kwanza ni povu: mtungi wa kwanza una vioo viwili shingoni, na povu likionekana kwenye kioo cha juu moto hupunguzwa mara moja, la sivyo pombe mbichi inaingia kwenye koili. Zamani walitia kipande cha sabuni. La pili ni kuungua. Mitungi mingi sasa hupashwa kwa koili za mvuke ndani yake, lakini Glenfarclas bado wanawasha moto chini, na humo ndani minyororo ya shaba huburuzwa kwenye sakafu ya mtungi muda wote ili uji usishike. La tatu litakuvutia wewe zaidi: mtungi ukipoa valvu ya hewa ikiwa imefungwa, mvuke hugeuka maji, ndani kunabaki utupu, na mabega yanabonyea. Shaba laini haivumilii hali hiyo. Ndiyo maana valvu hiyo huwa na orodha yake ya ukaguzi.

Mwangaluka! Nalima mtama na ulezi. Kimea tunakijua tangu mababu. Kimea cha shayiri kinatofautianaje na chetu?
*Mkulima, Ngudu, Kwimba*

Mwangaluka, mzee. Kanuni ni moja: punje ikidanganywa kwamba ni wakati wa kuota, hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, nawe unaikausha kabla haijaila sukari hiyo yenyewe.

Shayiri hulowekwa siku mbili hadi tatu, majini na nje ya maji kwa zamu ili ipumue, mpaka unyevu upande kutoka asilimia kama 12 hadi 45. Humwagwa sakafuni kwa kina cha sentimita kama 30, na kila baada ya saa nane hivi hupinduliwa kwa koleo la mbao. Ukilala usipindue, mizizi inasukana kama mkeka, joto linapanda, ukungu unaingia. Baada ya siku tano hadi saba chipukizi lililo ndani ya ganda huwa limefika robo tatu ya urefu wa punje. Ukiisugua punje ukutani ikaandika kama chaki, iko tayari. Kukausha huanza na joto la wastani na kuishia kwenye nyuzi 70 na kidogo, unyevu ukiwa asilimia 4 au 5. Ukiharakisha moto punje ikiwa bado mbichi, vimeng'enya vinakufa na kimea chako kinakuwa rangi tu.

Kwenye kusaga wanataka ganda asilimia 20, chenga 70, unga 10. Unga ukizidi, chombo cha kuchujia kinaziba na maji hayapiti. Chenga zikiwa kubwa, sukari inabaki kwenye machicha. Maji ya kwanza ni ya nyuzi 63 au 64, sehemu nne kwa sehemu moja ya kimea, kisha ya moto zaidi, kisha ya karibu kuchemka. Wanakokota kila tone, kwa sababu tani moja ya kimea hutarajiwa kutoa lita kama 400 za kilevi safi.

Tofauti na mtama iko kwenye joto. Wanga wa shayiri huiva chini ya nyuzi 60 na kidogo, wakati vimeng'enya vyake bado viko hai. Wanga wa mtama huhitaji takriban nyuzi 70 au zaidi, na hapo vimeng'enya vingi vimeshakufa. Akina mama wa kwetu walilitatua hilo zamani kwa kupika uji kwanza, kuuacha upoe, na kutia kimea baadaye. Kimea cha ulezi kina nguvu nzuri ya kugeuza wanga, na ndiyo maana hupendwa kwa kazi hiyo. Jambo moja la usalama: chipukizi na mizizi ya mtama ulioota ina kiini cha sumu ya sianidi, kwa hiyo kausha vizuri, sugua mizizi itoke, upepete, na upike.

Tunapokea wagonjwa waliopofuka kwa pombe za kienyeji. Je, wiski haina methanoli, au wanaitoa kwa kumwaga ule mkondo wa kwanza?
*Muuguzi, Magu*

Dada muuguzi, dhana hiyo ya mkondo wa kwanza imeenea sana na ni ya hatari. Methanoli, kilevi cha sumu kinachopofusha, huchemka kwenye nyuzi 64.7 na kilevi cha kawaida kwenye 78.4, kwa hiyo watu hudhani itatangulia yote. Ndani ya mchanganyiko wenye maji haitengani hivyo. Hutoka kidogo kidogo kwenye mikondo yote. Mkondo wa kwanza huondoa zaidi vitu vikali vya harufu ya gundi na rangi ya kucha.

Wiski iko salama upande huo kwa sababu ya malighafi. Methanoli hutokana na pektini, ambayo iko nyingi kwenye matunda na haba kwenye nafaka. Hata pombe ya matunda iliyochacha vizuri kwa kawaida haifikii kiwango cha kupofusha. Majanga makubwa, kama la Kenya Mei 2014 lililoua makumi ya watu, hutokana na methanoli ya viwandani iliyochanganywa na muuzaji. Haionekani, haionjeki tofauti, na kuichoma uone rangi ya moto si kipimo. Mnajua dalili: saa 12 hadi 24 za utulivu, halafu kutapika, kupumua haraka, macho kuona ukungu. Mgonjwa asisubiri nyumbani.

Chanzo kingine ni vyombo. Rejeta ya gari ikitumika kama kipoozeo hutoa risasi, na pipa lililobeba viuatilifu halisafishiki.

Nasoma biashara chuo kikuu hapa Malimbe. Je, viwanda hivyo viliwahi kufilisika?
*Mwanafunzi, Malimbe*

Mara nyingi, na karibu kila mara kwa sababu ile ile: wiski unayokeneka leo utaiuza baada ya miaka 8 au 12, kwa hiyo unazalisha kwa kubahatisha soko usiloliona.

Mtambo wa minara wa Aeneas Coffey, wa mwaka 1830, ulitoa pombe ya nafaka nyepesi na rahisi bila kusimama. Sheria ya mwaka 1860 ikaruhusu kuichanganya na ya kimea ghalani kabla ya kulipia ushuru. Miaka iliyofuata mdudu filoksera aliangamiza mizabibu ya Ufaransa na brandi ikaadimika. Wiski mchanganyiko ikaingia pengo hilo, na miaka ya 1890 kila mwenye fedha alijenga kiwanda kando ya Spey. Ndugu wawili wa Leith, Robert na Walter Pattison, walikopa, wakaongeza thamani ya mali vitabuni, wakatangaza kwa fujo. Husemekana waligawa kasuku 500 waliofundishwa kutaja wiski yao. Kampuni ilianguka Desemba 1898, wote wawili wakafungwa jela mwaka 1901, na waliowadai wakaanguka nao. Glen Elgin ilikuwa ikijengwa wakati huo. Msanifu wa majengo yake, Charles Doig, alisema bonde halitapata kiwanda kingine kwa miaka 50, na kweli Tormore ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950.

Campbeltown iliumia zaidi. Katika miaka ya 1880 ilikuwa na viwanda 21 kwenye mji mmoja. Vita, marufuku ya pombe Marekani ya mwaka 1920 hadi 1933, kufungwa kwa mgodi wa makaa wa jirani mwaka 1923, pamoja na wenye viwanda waliojaza mapipa mabovu ili wauze haraka, vilibakiza viwili kufikia katikati ya miaka ya 1930. Leo viko vitatu kati ya vile vya kihistoria.

Wimbi jingine lilikuja mwaka 1983, shehena za miaka ya 1970 zilipokosa wanunuzi. Brora na Port Ellen zilifungwa mwaka huo na kufunguliwa tena 2021 na 2024. Dallas Dhu, karibu na Forres, iligeuzwa makumbusho.

Nina ghala Igoma. Nikinunua mtambo na mapipa ya mwaloni, naweza kukomaza wiski Mwanza na kuiita Scotch?
*Mfanyabiashara, Igoma*

Kuiita Scotch, hapana. Lazima ikenekwe Uskoti na ikae Uskoti angalau miaka mitatu, kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na ijazwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli tu. Hiyo miaka mitatu, tuseme kwa kupita, nayo ilizaliwa vitani: serikali ilianza na miwili mwaka 1915, ikaongeza wa tatu mwaka uliofuata.

Kuikomaza na kuiuza kwa jina lako, ukiwa na vibali vyote, inawezekana. Lakini piga hesabu ya mvuke kwanza. Ghala la Spey hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka. Pipa la lita 200 baada ya miaka 12 linabaki na lita kama 157. Amrut wa Bangalore, mji ulio juu kidogo ya mita 900 na wenye joto, walioanza kuuza wiski yao ya kimea Glasgow mwaka 2004, hupoteza asilimia 10 hadi 12. Kwa asilimia 10, pipa lako lina lita 146 baada ya miaka mitatu na lita 56 baada ya 12. Kwa joto la Mwanza usiahidi miaka 12. Mitatu hadi mitano inatosha. Zaidi ya hapo mwaloni unafunika kila kitu, na kinywaji kinakuwa kichungu kama chai iliyosahaulika jikoni.

Jaza pipa kwa asilimia 63.5 kama wao. Kabla ya kujaza, liloweke kwa maji ya moto siku nzima; pipa lililosafiri kavu huvuja kwenye viungo. Lipange chini, sakafu ya udongo, safu zisizidi tatu, mbali na bati. Kila lita 100 za asilimia 63.5 zitahitaji lita kama 59 za maji safi yasiyo na chumvi kufika asilimia 40.

Tatizo kubwa kuliko ghala ni upoozaji. Maji ya juu ya Ziwa yako nyuzi 24 hadi 26, wakati vijito vya Spey majira ya baridi viko chini ya 10. Wao wenyewe zamani walisimama kiangazi kwa kukosa maji baridi. Kipoozeo chako kitahitaji maji mengi zaidi, na uji wa kimea uliopaswa kupokea hamira kwenye nyuzi 20 utaanza na 27. Uchachu huongeza joto lake wenyewe. Ukipita nyuzi 35 hamira inalegea, bakteria wanachukua nafasi, na unapata siki. Weka bajeti ya mashine ya kupooza kabla ya bajeti ya shaba.

Chupa ya miaka 12 niliyoitunza miaka 10, sasa ni ya miaka 22? Na nitajuaje si feki?
*Msomaji, Sengerema*

Bado ni ya miaka 12. Kukomaa ni kazi ya pipa. Kwenye kioo hakuna kinachoendelea. Namba hiyo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Kuhusu feki, anza na stempu ya kielektroniki ya TRA na uihakiki kwa simu, kisha soma lebo: iwe na maneno Scotch Whisky na kilevi asilimia 40 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, weka chini. Na chupa yenye kizibo cha gome isimamishe wima, usiilaze kama ya mvinyo, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo na siku ya kufungua kitakatikia shingoni.